Lita Ishirini kwa Tani: Mafuta ya Mabuu Yapimwe kwa Lipi?

Ukitaja dizeli inayotokana na mabaki ya chakula kupitia mabuu ya nzi askari mweusi, yaani funza wanaokula mabaki hayo kisha wakakamuliwa mafuta, jibu la kwanza huwa kwamba mafuta yenyewe ni kiduchu. Ni kweli. Tani moja ya mabaki mabichi, ambayo sehemu kubwa ni maji, hutoa takriban kilo 200 za mabuu hai. Wakikaushwa hubaki kilo 60 hivi, na mafuta ni kama theluthi yake: kilo 20, lita ishirini na kidogo.

Wapinzani wana hoja nzito kuliko hiyo. Tani hiyohiyo ikiingizwa kwenye mtambo wa bayogesi hutoa nishati zaidi ya mara mbili, bila kufuga wala kukausha kiumbe chochote. Mabuu wanahitaji joto la nyuzi 27 hadi 30, na kuwakausha kunakula nishati nyingi. Kiwanda kinachokausha kwa makaa ya mawe ili kiuze dizeli safi hakina cha kujitetea.

Lakini lita ishirini zinahesabiwa kana kwamba baada yake hakuna kitu, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mafuta yakishakamuliwa hubaki kilo 40 za unga, zaidi ya nusu yake protini, chakula cha samaki na kuku. Kwenye mtambo wa bayogesi protini hiyo huvunjwavunjwa, na kinachotoka mwishoni ni gesi na tope la mbolea. Tena unga wenye mafuta mengi huchacha upesi, kwa hiyo kukamua kunausaidia kukaa ghalani. Anayesema dizeli inawanyang'anya mifugo chakula ajiulize mafuta hayo yangekwenda wapi. Jibu la haki ni sabuni: yana asidi ya lauriki kwa wingi kama mafuta ya nazi, na mtengeneza sabuni anaweza kulipa vizuri zaidi.

Tazama trei moja ya mabuu waliokwisha kukua. Tunda lililooza likitupwa humo linatikisika kama lina uhai, kisha linabaki ganda. Wakikaribia kuwa mabundo, hatua iliyo kati ya buu na nzi, mabuu hugeuka weusi, huacha kula na kutafuta pakavu. Ukiwawekea mteremko wanaupanda wenyewe na kudondokea kwenye ndoo. Katika wiki mbili hivi rundo limepungua kwa nusu au zaidi, na kilichobaki ni mbolea. Nzi mzima naye karibu hali kitu, hivyo hazunguki kwenye vyakula vya watu akieneza maradhi.

Kazi ya maabara haina maajabu: mafuta huchanganywa na methanoli na kichocheo, dizeli ikajitenga na gliserini. Kwa kuwa mengi ni mafuta yaliyoshiba, dizeli yake huwaka vyema na haiharibiki haraka, ila kwenye baridi kali huganda.

Kuna pia mabaki ambayo sheria inayafungia mlango wa malisho. Katika Umoja wa Ulaya, wadudu wanaofugwa kwa chakula au malisho hawaruhusiwi kulishwa mabaki ya jikoni, kwa hofu ya magonjwa. Mabuu waliokula mabaki ya namna hiyo hawafai kupelekwa kwenye bwawa la samaki, na hapo tangi la gari halimnyang'anyi mtu chochote.

Hofu ninayoichukua kwa uzito wote ni nyingine: kiwanda kinachoishi kwa mabaki kitataka chakula kiendelee kutupwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 kutoka majumbani. Sehemu kubwa ya chakula hicho kingeweza kuliwa na watu, na hakuna buu anayerudisha maji na jasho lililokizalisha. Kwa hiyo ninapinga mkataba wowote unaomhakikishia mwenye kiwanda kiasi cha mabaki kwa miaka kadhaa, kwa sababu siku watu watakapoacha kutupa, mkataba huo utawatoza faini.