Moshi Si Mwavuli, Shemeji

Jumapili asubuhi, kabla hata sijanawa uso, shemeji yangu akanitumia ujumbe wa sauti. Dakika tatu na ushei, na karibu dakika nzima ni kicheko. "Shemeji, wanasayansi wenzako wamekiri wenyewe! Moshi wa meli ulikuwa unaipoza dunia. Wameusafisha, joto limepanda. Sasa si mtuachie moshi wetu? Jana sumu, leo dawa. Hivi huko mlikosoma mlisoma nini?"

Nimeusikiliza mara mbili. Angekuwa amesema uongo mtupu ningecheka naye nikarudi kulala. Ubaya ni kwamba nusu ya aliyoyasema ni kweli, na nusu ya ukweli ina miguu mirefu.

Basi nimpe haki yake, kwa shingo upande. Tangu Januari 1, 2020, meli za kimataifa haziruhusiwi kuchoma mafuta yenye salfa zaidi ya asilimia 0.5, labda meli iwe na mtambo wa kusafisha moshi. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa asilimia 3.5. Salfa ikiungua hutoka bombani kama gesi, ikifika hewani inageuka salfeti, chembe ndogo mno ambazo mvuke huzidandia na kuwa matone ya wingu. Chembe zikizidi, maji yaleyale yanagawana matone mengi madogo, na wingu la matone madogo huwa jeupe zaidi, linalirudisha jua lilikotoka. Setilaiti zilikuwa zinaona michirizi myeupe baharini nyuma ya meli, utadhani mtu kapitisha chaki. Baada ya 2020 michirizi imepungua, na jua limepata upenyo. Limeongeza joto kiasi gani, bado wanabishana. Umeridhika, shemeji?

Sasa twende kwenye nusu uliyoiruka.

Bomba lilelile linalotoa salfa linatoa na kaboni dioksaidi. Zinatoka pamoja lakini hazikai pamoja. Salfeti ikijitahidi sana ni wiki moja hivi hewani, mvua inaishusha. Kaboni dioksaidi sehemu yake kubwa itakuwa bado iko juu wakati wajukuu wa wajukuu wetu hawajui hata majina yetu. Maana yake, kivuli unachokisifia kinanunuliwa upya kila wiki, na kila ukikinunua unajilimbikizia joto lisiloondoka. Wiki utakayoacha, kivuli kinakwenda zake, na joto lote ulilorundika chini yake unalikuta palepale, limekaa linakusubiri. Mtu anameza vidonge vya maumivu kila baada ya saa sita huku jipu linaiva, halafu siku vidonge vimekwisha anamkamata mwenye duka la dawa shati: wewe ndiye uliyeniletea jipu! Mficha maradhi kifo humuumbua. Walioisema hawakuwa na chombo cha kupimia erosoli, yaani hizi chembe zinazoelea hewani, ila binadamu walimjua vizuri.

Na mapafu je? Katika dakika tatu na ushei hakuyataja hata mara moja. Desemba 1952 London ilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe siku tano, na hesabu ya mwanzo tu ya waliokufa ilikuwa watu 4,000. Salfa ileile. Hakuna moshi unaojua kwamba kazi yake ni kupoza mawingu tu, kwa hiyo mtoto anayepita chini asiguswe.

Kilichonipandisha hasira hasa ni sehemu aliyocheka kuliko zote: "Halafu hata wenyewe hawajui!" Anazungumzia ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi. Humo, ukilinganisha na mwaka 1750, kabla ya zama za viwanda, kaboni dioksaidi peke yake imeongeza joto la takriban wati 2.16 kwa kila mita ya mraba ya dunia, na erosoli zimepunguza kama wati 1.1. Ila hiyo 1.1 huenda ikawa 0.4 tu, huenda ikafika 1.7. Kwa shemeji, huko ni kubahatisha.

Nimewahi kuwa msaidizi wa mkemia mmoja wa angahewa, mama mkimya, mkali kwa macho tu. Kazi yangu ilikuwa vichujio vya kunasa chembe za hewani. Kichujio ni duara jeupe la milimita 47, jepesi kama ganda la kitunguu. Unakilaza siku nzima kwenye chumba ambacho joto na unyevu wake haubadiliki, unakipima, unakipandisha juu ya paa, mashine inavuta hewa saa 24, unakishusha, unakilaza tena, unakipima tena. Hewa iliyopita ni kama mita za ujazo 24. Ingekuwa hewa ya kiwango anachokitaka Shirika la Afya Duniani, wastani wa mikrogramu 5 za chembe laini kwa mita ya ujazo, tofauti ya uzito kati ya asubuhi mbili ingekuwa mikrogramu 120. Mikrogramu, gramu moja ukiigawa mara milioni! Unakishika kwa kibanio, na ukikiinamia unabana pumzi.

Siku moja nilikishika kwa kidole. Hakunigombeza. Alikitazama, akafungua daftari, mbele ya tarehe ile akaandika "batili", akalifunga. Hewa ya siku nzima imepotea kwa jasho la kidole changu.

Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia "kati ya 0.4 na 1.7", jua batili zake zote ameshazikata, na kilichobaki ndicho anachoweza kukiapia. Chembe zenyewe si ukoo mmoja: salfeti inapoza, masizi yanafyonza jua na kupasha, nazo zikikutana njiani zinavikana koti na tabia inabadilika. Leo ziko huku, keshokutwa zimenyeshewa. Na hewa ya mwaka 1750, ya kulinganishia, hakuna aliyeiwekea kichujio. Machi 2011 NASA ilirusha setilaiti ya Glory yenye kifaa mahususi cha kupima erosoli. Kifuniko cha pua ya roketi kikagoma kufunguka, ikaishia baharini. Setilaiti yake nyingine, PACE, yenye vifaa vya aina hiyo, ilipaa Februari 2024. Miaka 13, shemeji. Wewe ukikosa mtandao saa moja unatukana.

Wapo wanaotaka tuipulizie salfa angani makusudi, kama volkano ya Pinatubo, Ufilipino, ilivyoripuka 1991 ikaipoza dunia kama nusu nyuzi kwa muda. Paul Crutzen, mkemia wa angahewa na mshindi wa Nobel, alitaka wazo hilo lichunguzwe, mwaka 2006, lakini palepale akasema heri gesi zipunguzwe hadi lisihitajike. Sehemu hiyo nayo haisambai.

Sikumjibu shemeji kwa sauti. Nilitafuta kwenye simu ya zamani picha ya kichujio cha siku moja ya kawaida, siku ambayo sikumbuki mtu yeyote akilalamikia hewa, nikamtumia bila neno. Baada ya saa mbili akajibu: "Shemeji, picha haifunguki. Naona duara jeusi tu."

Imefunguka, shemeji.