Anayetaka Nairobi zaidi, alete kitu Kisumu

Mtu akikuambia Kisumu haipati ndege za ng'ambo kwa sababu uwanja ni mdogo, muulize amepita lini barabara ya Busia, iliyo kando ya uwanja huo. Njia ya kurukia ndege pale ina urefu wa kilomita 3.3, na uwanja uko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu ya mita 1,600. Marubani wanajua maana yake: hewa ya huku chini ni nzito zaidi, kwa hiyo ndege hunyanyuka bila taabu. Jirani zetu wa Eldoret wana njia ndefu kutuzidi, kilomita 3.5, lakini wamepanda hadi zaidi ya mita 2,100, na ndiyo maana kila mwaka wanalilia iongezwe ili ndege kubwa iweze kuondoka ikiwa imejaa.

Lami tunayo, basi. Kilichopungua ni karatasi.

Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi ni mwenye anga yake. Ndege ya kigeni haiji kwa sababu imeona abiria. Inakuja kwa sababu serikali mbili zimeketi zikakubaliana ni mashirika gani yataruka, mara ngapi kwa wiki, na yatue mji upi. Shirika likitaka kuongeza safari za Nairobi, linaomba. Likitaka kushirikiana na shirika jingine, kuuziana viti katika ndege za kila mmoja au hata kugawana mapato ya njia fulani, hapo pia Mamlaka ya Ushindani inaingia, maana washindani wawili wakiwa kitu kimoja nauli haina wa kuiteremsha. Sheria ya Ushindani ya 2010 inaruhusu makubaliano ya aina hiyo yasamehewe ikiwa manufaa kwa umma yanazidi hasara, na msamaha unaweza kufungwa kwa masharti.

Umma ni nani, lakini? Mimi namfikiria kijana wa Kondele, hapa Kisumu, aliyepata kazi Doha. Anapanda basi la usiku, anafika Nairobi alfajiri miguu imevimba, anatafuta matatu ya kwenda uwanjani, kisha anakaa na sanduku lake siku nzima kwa kuwa ndege yake ni ya usiku. Akijikaza akate tiketi ya ndege kutoka Kisumu, mara nyingi ni tiketi mbili zisizojuana. Akitua Nairobi anachukua mzigo, anatoka nje, anapanga foleni upya. Ndege ya Kisumu ikichelewa kwa saa tatu, ile ya Doha haimngoji, na hakuna wa kumlipa: huyu atasema si abiria wetu, yule atasema ulichelewa mwenyewe. Mashirika mawili yakiwa na ushirikiano wa kweli unaofika hadi Kisumu, sanduku linabandikwa karatasi ya KIS hadi DOH, yaani Kisumu hadi Doha, analiona tena Doha, na ikitokea kuchelewa ni kazi yao kumtafutia kiti kingine. Kwake hiyo ndiyo faida. Taarifa ya habari inayosema mashirika yamepanua mtandao wao haimfikishi popote.

Ndiyo maana nasema wazi: shirika lolote la nje linalotaka viti zaidi Nairobi, au baraka ya kushirikiana na shirika la hapa, liulizwe kwanza limeleta nini Kisumu.

Australia wanafanya kitu kinachokaribia hicho. Mashirika mengi ya nje yana kikomo katika miji minne mikubwa, Sydney, Melbourne, Brisbane na Perth, lakini kwa miji midogo zaidi mlango huachwa wazi. Wazo zuri, ila angalieni lilivyochezewa. Qatar Airways walipotaka safari ya pili ya kila siku Melbourne, waliipeleka ndege hadi Adelaide kisha ikarudi, ili ihesabiwe kuwa ni ya Adelaide. Kipande kile cha mwisho iliruka karibu tupu. Mwaka 2023 serikali ya huko ikawanyima safari 28 zaidi kwa wiki. Wakapita dirishani: wakanunua asilimia 25 ya shirika la huko, Virgin Australia, ushirikiano ukaidhinishwa mapema 2025, na safari zile zile 28 zikaanza kuingia hatua kwa hatua kuanzia Juni mwaka huo kwa jina la Virgin, ndege na wahudumu wakiwa wa Qatar. Ruhusa hizi, kwa hiyo, ni biashara ya nipe nikupe.

Sisi wenyewe tulionjeshwa Januari 2024. Kenya iliikatalia Air Tanzania kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi ya tatu. Dar nao wakatangaza kuwa Kenya Airways hawatabeba tena abiria kati ya Nairobi na Dar. Siku chache simu zikapigwa, mambo yakaisha. Katika mabishano yote hayo sikusikia mtu akitaja Kisumu, wala sikushangaa. Serikali ina asilimia 48.9 ya Kenya Airways, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayoamua nani aingie. Ni refa aliyevaa jezi ya timu moja, na timu hiyo inacheza Nairobi.

Najua nitaulizwa abiria wako wapi. Swali la haki. Sidai ndege ya viti 300 kutoka Doha itue hapa kila asubuhi. Lakini chukua ramani: kwa anga, Entebbe iko karibu nasi kuliko Nairobi. Ndege ndogo ya mapanga ya viti 70 hivi ingewatosha wafanyabiashara wa Kisumu, Entebbe na Mwanza, wanaozunguka ziwa kwa basi kupitia Busia au Isebania. Na minofu ya samaki aina ya mbuta inayoliwa Ulaya haina sababu ya kuanza safari yake ndani ya lori la barafu kwenda Nairobi.

Sharti liandikwe kwa namna isiyochezeka, tusije tukaletewa ya Adelaide. Viti vihesabiwe vinavyouzwa Kisumu, si ndege inayopita kuonyesha sura. Nauli ya kutoka Kisumu hadi mwisho wa safari itangazwe. Baada ya mwaka mmoja mahesabu yafunguliwe, na aliyekosa apunguziwe Nairobi.

Maombi ya kusamehewa chini ya sheria ile huchapishwa katika Gazeti Rasmi, na mwenye hoja hupewa muda wa kuandika. Leseni za safari za ndege nazo huchapishwa humo humo. Serikali ya kaunti ina mawakili, wenye hoteli wana chama, wauza samaki wana chama. Tangazo lijalo likitoka, nataka kuona barua yenye anwani ya Kisumu juu yake.