Ukitoka Mwanza kwenda Ngorongoro, panda kwanza ndipo ushuke

Safari ya Ngorongoro inayouzwa hapa Mwanza ina umbo moja. Mnaondoka Buzuruga alfajiri, mnaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, mnalala Seronera katikati ya hifadhi, kesho yake mnashuka kreta, mnawapiga picha simba na kifaru, kisha mnakimbizana na saa kurudi nyumbani. Watu wanarudi wakisema wameiona Ngorongoro. Kwa maoni yangu wameona sakafu yake tu. Mlima wenyewe, ambao ndio unaoilisha sakafu hiyo, wameupita madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Ngorongoro ni moja tu ya volkano zilizopangana katika nyanda zile za juu. Kuna Oldeani na Lemagarut upande wa kusini na magharibi, kuna Olmoti, kuna Empakai, kuna Loolmalasin wenye zaidi ya mita 3,600, ambao ni mlima wa tatu kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro na Meru. Kaskazini kabisa yupo Oldoinyo Lengai, mita 2,962, ambao bado uko hai na ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Kreta ya Ngorongoro yenyewe ni mlima ambao kilele chake kilizama zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Kikabaki shimo lenye kina cha mita 600 hivi na eneo linalokaribia kilomita za mraba 260.

Sasa tazama maji. Mto Munge unaanzia ndani ya kreta ya Olmoti, unapenya kwenye ufa wa ukingo wake, unaanguka kama maporomoko, halafu unateremka kusini hadi Ziwa Magadi lililo kwenye sakafu ya Ngorongoro. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Jua linayanyonya maji na kuacha magadi, na ndani ya magadi hayo humea mwani unaowaleta heroe (flamingo). Msitu wa Lerai unalishwa na vijito vya upande wa Oldeani. Chemchemi ya Ngoitokitok, ambako viboko wanajaa, nayo ni maji ya mlimani yaliyopita chini ya ardhi. Kwa hiyo anayeshuka kreta bila kufika Olmoti ameona bomba linamwaga na hakujiuliza maji yanatoka wapi.

Chanzo cha yote ni upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Unapiga kwenye miteremko ya mashariki na kusini, unalazimika kupanda, unapoa, unageuka ukungu na mvua, na msitu unaukamata. Ndiyo maana upande wa Karatu ni kijani kibichi mwaka mzima. Upande wa pili, ule tunaotokea sisi wa Kanda ya Ziwa, mvua imekwisha kumwagwa kabla haijafika. Bonde la Oldupai ni vumbi, uwanda wa Malanja ni nyasi fupi. Msafiri wa kutoka Mwanza anapanda mgongo mkavu wa mlima akiwa amevaa fulana, akifika ukingoni anatumbukia kwenye ukungu, meno yanagongana.

Hesabu ya baridi ni rahisi. Mwanza iko mita 1,140 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa kreta uko kati ya mita 2,200 na 2,400. Kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi sita na nusu. Hapo peke yake umepoteza nyuzi saba au nane ukilinganisha na nyumbani, na bado hujahesabu upepo na unyevu. Usiku wa Julai ukingoni unaweza kushuka hadi nyuzi tano. Shuka la Kimasai linapendeza kwenye picha, lakini halitoshi kulalia. Nenda soko la Mlango Mmoja ununue koti zito la mtumba lisilopitisha upepo, kofia ya sufu, soksi pea mbili nene na suruali ya kulalia. Ongeza koti la mvua, maana sweta iliyolowa ni mbaya kuliko kutokuwa na sweta. Kama mnalala kambi ya Simba pale ukingoni, begi la kulalia liwe la baridi, na chini yake pawe na godoro la sponji. Baridi inayomtesa mtu hemani hutoka ardhini zaidi kuliko juu.

Kuhusu barabara nitasema kwa kirefu, kwa sababu ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Kutoka Mwanza hadi Ndabaka kupitia Magu na Lamadi ni lami, saa mbili hivi. Ukiingia lango, unaanza ukanda wa magharibi wa Serengeti, zaidi ya kilomita mia moja hadi Seronera, na sehemu kubwa ya eneo la Kirawira ni udongo wa mbuga, ule ule tunaolimia mpunga na pamba huku kwetu. Ukikauka unapasuka na gari linapita bila shida. Ukinywa mvua ya saa moja unageuka gundi: unajaa kwenye kashata za tairi, tairi linakuwa laini kama mpira wa kuchezea, na gari linateleza hata likiwa limesimama. Kuendesha kwa magurudumu yote manne hakusaidii kama tairi zimeziba. Kati ya mwisho wa Machi na Mei mimi nisingepita huko kabisa. Desemba nayo ni bahati nasibu, ingawa ndiyo likizo ya shule. Wenye watoto, tumieni likizo ya Juni: baridi ipo mlimani, lakini barabara ni kavu.

Kibali cha kuingia Serengeti kinahesabiwa kwa saa 24. Ukiingia Ndabaka saa tatu asubuhi, unapaswa kuwa umetoka lango la Naabi, upande wa Ngorongoro, kabla ya saa tatu ya kesho yake, la sivyo unalipa siku ya pili kwa kila mtu na kwa gari. Watu wanaliwa pesa hapa kwa sababu wanaamka Seronera, wanazungukia chui mmoja, wanafika Naabi muda umeshapita. Mwendo ndani ya hifadhi hauzidi kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo muda uliopotea huwezi kuukomboa kwa kukanyaga mafuta. Tena kumbuka kwamba Serengeti iko chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, na Ngorongoro ina mamlaka yake. Ni malipo mawili tofauti, na yote hulipwa kwa namba ya malipo au kadi. Usitegemee noti mfukoni. Omba namba hizo na uzilipe ukiwa bado Mwanza wenye mtandao mzuri.

Jaza tangi Lamadi. Seronera kuna mafuta, lakini usipange safari kwa kuyategemea. Kuanzia Naabi hadi unapoanza kupanda, barabara ina mawimbi yanayolegeza nati za shokapu na kupasua tairi zilizochoka. Beba tairi mbili za akiba, jeki inayofika kwenye gari lako na kipande cha ubao cha kuweka chini yake, kwa sababu ardhi ile ni laini na jeki huzama. Wakati gari linarukaruka, angalia tambarare iliyo pembeni: nyasi fupi, hakuna mti. Hiyo nayo ni kazi ya mlima. Majivu ya volkano kwa maelfu ya miaka yametengeneza tabaka gumu karibu na uso wa ardhi, mizizi ya miti haipenyi, na nyasi zinazoota juu yake zina madini ambayo nyumbu huyafuata wanapozaa, kati ya Januari na Machi.

Ukifika ukingoni siku ya pili, lala. Usishuke kreta jioni hiyo wala kesho yake. Siku ya tatu ifanye ya Olmoti na Empakai.

Olmoti unaifikia kupitia kijiji cha Nainokanoka, ambako mnachukuliwa na askari wa uhifadhi mwenye silaha. Si mapambo, msituni kuna nyati, na nyati dume aliyelala kichakani ndiye hatari kubwa kwa mtembea kwa miguu kuliko simba. Tembeeni kwa mstari mmoja, askari mbele, na mtu asikimbilie mbele yake kupiga picha. Kupanda ni kama saa moja kwa mwendo wa kawaida. Uko karibu mita 3,000, kwa hiyo kichwa kikianza kuuma na pumzi kukatika hata kwa kijana anayecheza mpira, ni kwa sababu ya mwinuko. Punguza mwendo, kunywa maji, na ukiona kichefuchefu kinazidi, teremka. Ndiyo sababu nasema mlale ukingoni kwanza: mwili unahitaji usiku mmoja kuzoea. Ndani ya Olmoti hakuna ziwa, ni uwanda wa nyasi na Munge ikipita katikati kama kijito unachoweza kukiruka. Fuata kijito hicho hadi kinapoanguka.

Watu wanaishi huku. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1959 ikiwa na wafugaji ndani yake, na ng'ombe unaowakuta njiani wana mwenyewe. Salimia kwanza, omba ruhusa ndipo utoe simu. Kumpiga mtu picha kutoka dirishani kama unavyompiga pundamilia ni utovu wa adabu, na tunaufanya sisi Watanzania wenyewe.

Empakai ndiyo napenda watu waitengee muda mwingi kuliko mahali pengine popote katika nyanda hizi. Kutoka Nainokanoka barabara inavuka bonde la Bulbul na kupanda hadi ukingo wa kreta yenye upana wa kilomita sita hivi, na chini yake ziwa la magadi lenye kina cha mita 80 au zaidi. Asubuhi isiyo na mawingu, kutoka ukingo wa mashariki unamwona Lengai na bonde la Natron. Njia ya kushuka inapita msitu wa Hagenia, miti minene yenye nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi. Nyuzi hizo zinaishi kwa unyevu wa ukungu, na ukiziona nyingi jua kwamba hapo mawingu hukaa siku nyingi za mwaka.

Kushuka huchukua dakika 45 hadi saa moja. Kupanda, mtu asiyezoea ahesabu saa moja na nusu. Makosa hujirudia. La kwanza ni kuchelewa: anza kushuka kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu mchana mawingu yanaweza kufunga na njia ikalowa. La pili ni viatu. Ardhi ni majivu ya volkano, yakilowa yanateleza kama sabuni, na raba zenye soli bapa zitakuketisha chini kila hatua ya kumi. Vaa viatu vyenye meno, kata fimbo, vaa suruali ndefu kwa ajili ya majani yanayowasha. La tatu ni maji. Lita mbili kwa mtu ni kiwango cha chini, na hakuna ya kunywa huko, ziwa lile ni magadi. La nne liko ufukweni: ukoko mweupe unaonekana mgumu, chini yake ni tope. Usiwafuate heroe. Utazama, nao wataruka na kupoteza nguvu walizokuja kutafuta kwa kula.

Baada ya hapo, siku ya nne, shuka Ngorongoro. Utakuwa unajua unachokitazama. Ada ya kushuka hulipwa kwa gari, kwa hiyo jazeni gari badala ya kwenda wawili wawili. Teremka kwa barabara ya Seneto, tumia gia ndogo tangu juu. Breki zikikanyagwa mteremko mzima huchemka na kukuacha pale unapozihitaji. Panda kwa Lerai, na muwe nje kabla ya saa kumi na mbili jioni. Chakula cha mchana Ngoitokitok kuleni ndani ya gari, mwewe wa pale hupora nyama mkononi na kucha zake zinakata.

Kambini, samaki wa kukaanga na matunda visiingie hemani. Najua hakuna safari ya Mwanza isiyo na sato kwenye hotipoti. Fungia kwenye gari na vioo vikiwa juu. Fisi na nguruwe pori hufuata harufu, na tembo hufuata matunda.

Wasio na gari wanaweza kufanya haya bila kupita Serengeti kabisa, na mara nyingi kwa gharama ndogo zaidi. Panda basi la Arusha kupitia Shinyanga, Singida na Babati, shuka Makuyuni, chukua usafiri wa Karatu. Karatu unapata gari la kukodi na dereva anayejua njia za Empakai. Sita mkigawana, inabebeka. Kutoka Karatu pia kuna matembezi ya nusu siku ndani ya msitu hadi maporomoko ya Endoro na mapango ambayo tembo wameyachimba wakitafuta madini ya udongo.

Hata wenye magari nawashauri warudi kwa njia hiyo ya lami, ili Serengeti iwe ya kwenda tu. Baada ya Babati mnapita Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye mita 3,420. Pale ndipo tope na mawe viliposhuka Desemba 3, 2023 na kuua makumi ya watu. Hanang ni volkano pia, uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na hupandwa kwa siku moja ndefu na mwongozaji wa Katesh. Anzeni saa kumi alfajiri na mbebe lita nne za maji kwa kila mtu, kwa sababu njiani huwezi kutegemea chemchemi. Mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, msipande. Endeleeni hadi Singida mkalale, ili mteremko wa Sekenke muupite mchana.