Kiti Chuoni Kipo, Ada Je?

Juzi kwenye daladala la Mbezi redio ilikuwa inamhoji mheshimiwa mmoja. Anasema siku hizi mtoto akikosa elimu ya juu ni uvivu wake mwenyewe, vyuo viko kila kona. Nilicheka kwa sauti mpaka konda akageuka.

Wiki iliyotangulia mtoto wa dada yangu alinipigia asubuhi, ananong'ona. "Mamdogo, wamenitoa." Yuko mwaka wa pili, chuo binafsi. Alishakaa kwenye chumba cha mtihani, alishaandika namba yake ya usajili kwenye kijitabu cha majibu, ndipo msimamizi akaingia na orodha ya wadaiwa akaanza kuita majina. Anadaiwa laki tatu na themanini. Kijitabu wakakichukua. Nikakimbilia hela ya kikoba (akina mama wenzangu mnisamehe), nikatuma kwa simu. Malipo yalisoma kwenye mfumo wao saa sita mchana. Mtihani uliisha saa tano.

Huyo naye mvivu?

Na mkopo wa serikali wa elimu ya juu anao! Ila mkopo hutolewa kwa asilimia, na pengo linalobaki anatakiwa kuliziba dada yangu, anayeuza maandazi.

Haya, nikubali kwa shingo upande: bila vyuo binafsi tungekuwa pabaya zaidi. Chuo kikuu tulikianza mwaka 1961 pale mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, na mpaka miaka ya tisini katikati chuo kikuu kilikuwa cha serikali tu. Chuo binafsi cha udaktari cha Kairuki na vyuo wenzake vilipofungua milango, tukapata madaktari ambao Muhimbili ya serikali peke yake isingewamaliza kuwafundisha. Na mhadhiri halipwi kwa dua, najua. Chuo Kikuu Huria nacho, ingawa ni cha serikali, kimewaokoa walimu wengi waliosoma huku wakifundisha.

Lakini viti vya vyuo binafsi ni vyetu sote siku ya hotuba, siku ya ada vinakuwa vya wenyewe. Kama serikali inavihesabu inapojisifu, ivihesabu na inapogawa fedha. Na hivi, kuna ugumu gani mtoto afanye mtihani kwanza, matokeo yake yazuiwe mpaka deni liishe? Deni halikimbii. Mimi nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kwa mkopo wangu wa zamani, wala sijakimbia. (Ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6, iliyofutwa 2021, naomba tusiitaje nikiwa sijala.)

Nilimuuliza mtoto wa dada wenzake waliotolewa walikuwa wangapi. Akasema hakuhesabu, alikuwa anatazama chini.

Amepangiwa sapu, yaani mtihani wa marudio, mwezi wa tisa. Sapu nayo ina ada yake.