Shule Isiyo na Mtandao Haiwezi Kuombea Punguzo Mtandaoni

Jumanne iliyopita, saa tatu kasoro asubuhi, mwalimu mmoja aliingia steshenari kwangu hapa Chang'ombe, Dodoma, viatu vimejaa vumbi, mkononi ana bahasha ya kaki na flashi aliyoiviringisha kwenye leso. Ni mkuu wa shule ya sekondari ya kata, huko ndani Chamwino. Alitoka kwake alfajiri kwa bodaboda mpaka barabara kubwa, akasubiri Noah, ndiyo akafika mjini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba dada. Tujaze ile fomu ya punguzo. Mwisho leo, saa tisa na nusu."

Ofisi moja ilikuwa imetangaza kwamba shule za vijijini ziombe nafuu ya gharama za intaneti na za kuhifadhi tovuti. Siitaji jina, kwa sababu ninachotaka kusema hakiishii kwake. Nimejaza fomu za watu kwa miaka kumi na moja sasa: ajira, mikopo ya chuo, leseni, vyeti vya kuzaliwa. Fomu ya kuzungusha watu huwa naijua tangu ukurasa wa kwanza, na hii ilianza vizuri. Jina la shule, namba ya usajili, kata, wilaya, idadi ya wavulana na wasichana, walimu wangapi, umeme upo au haupo. Mwalimu alikuwa ananitajia kwa kichwa, hata daftari hakufungua. Ukurasa wa pili walitaka barua ya bodi yenye muhuri, faili lisizidi MB 2. Nikaskani, nikalipunguza, likapita.

Ukurasa wa tatu ukauliza barua pepe rasmi ya taasisi. Nikaandika ya Gmail, ndiyo wanayotumia siku zote. Yakatokea maandishi mekundu: anwani hii haikubaliki. Chini yake kukawa na nafasi ya kiungo cha tovuti ya shule, na kinyota chekundu pembeni, maana yake usipojaza huendi mbele.

Mwalimu akavua miwani, akaisogelea skrini. "Dada, si tovuti ndiyo tunayoiombea?"

Sikuwa na jibu. Barua pepe ya taasisi inataka kikoa, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni. Kikoa kinataka mahali pa kuhifadhiwa, na mahali hapo panalipiwa kila mwaka. Kwa hiyo ili upate nafuu ya kulipia kitu, lazima uwe tayari umekilipia kwa bei kamili. Tulipiga namba ya msaada mara nne. Mara ya nne akapokea kijana mpole, akatuambia tuweke ya halmashauri. Tukaweka, mfumo ukaikataa kwa sababu ilikuwa imeshatumiwa na shule nyingine. Tulipomaliza kuhangaika na hilo ukurasa ukawa umetutoa, tuanze upya. Saa tisa na nusu ikatukuta ukurasa wa pili.

Nimelala na jambo hili siku nne na hasira haijaisha.

Kila kitu tulichojaza kwenye ukurasa wa kwanza serikali inacho. Inacho tangu zamani. Kila mwaka walimu wanajaza takwimu za shule: wanafunzi kwa darasa na kwa jinsia, madawati, matundu ya vyoo, umeme, nyumba za walimu. Wanafunzi wote wameingizwa kwenye mifumo, wa msingi kwenye PReM, na matokeo ya mtihani Baraza la Mitihani linayo kwa namba ya kila kituo. Shule haikujengwa usiku kwa siri. Ina namba ya usajili, iko kwenye kata inayojulikana. Ofisi za TAMISEMI, wanaosimamia shule hizi, ziko hapa hapa Dodoma. Sasa kwa nini mwalimu atoke Chamwino alfajiri aje kuiambia serikali kitu alichokwisha kuiambia mwezi Machi, tena kwa mashine ya kukodi? Shule inayostahili nafuu inajulikana kabla haijaomba. Basi nafuu iifuate namba ya usajili. Kampuni ya mtandao ikipokea namba ya shule ya kata, bei ishuke hapo hapo, kwisha. Mwalimu asiandike hata mstari.

Anayeshindwa kujaza fomu ile ndiye aliyekusudiwa kuipata. Shule ya mjini yenye mwalimu wa TEHAMA, yenye chumba cha kompyuta, yenye tovuti ya zamani iliyofunguliwa na mzazi mmoja mwenye uwezo, itajaza kwa dakika ishirini na itapata. Punguzo litakwenda kwa aliye nacho, na mwisho wa mwaka ripoti itaandika kwamba shule za vijijini hazikujitokeza. Zilijitokeza! Mmoja alikuwa amekaa kwenye stuli yangu ya plastiki tangu saa tatu, amekula mandazi mawili tu na chai ya rangi.

Wakati tunasubiri simu ipokelewe alinionyesha meseji zake za vifurushi. Simu ina ufa kioo kizima, ikabidi aisogeze huku na huku nisome. Tulihesabu wote wawili za mwezi mmoja: mara kumi na moja bando la elfu moja, mara tatu la elfu mbili. Sh17,000, mfukoni kwake. Si kwa kuangalia mpira. Ni kwa sababu malipo ya shule yanaandikwa kwenye FFARS, manunuzi yanapita kwenye NeST, taarifa za wanafunzi zina mfumo wake, na kila mfumo una siku yake ya mwisho. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 waligawiwa walimu, na ni jambo jema, lakini kishikwambi bila bando ni kioo. Shuleni kwake mtandao unashika vizuri sehemu moja, kwenye mwinuko karibu na mbuyu, na walimu hupeana zamu pale jioni. Aliniambia hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekuelekeza kisima kilipo.

Na shule iilipie intaneti kwa fedha gani? Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, shule ya kata inaishi kwa ruzuku, na kiwango kilichopangwa kwa sekondari ni Sh25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati. Mkuu wa shule akichagua intaneti, kuna dirisha ataliacha limevunjika.

Nimesoma jinsi Marekani wanavyofanya, kwa kuwa mpango wao wa E-Rate ulitokana na sheria ya mawasiliano ya 1996 na umeshapita kwenye makosa mengi. Shule na maktaba zinapunguziwa kati ya asilimia 20 na 90, na fedha zinatoka kwenye michango ya kampuni za mawasiliano. Kilichonigusa ni kigezo: wanaangalia ni wanafunzi wangapi wanastahili chakula cha shule kwa sababu ya umaskini wa nyumbani, na kama shule iko mjini au kijijini. Takwimu hizo zipo tayari kwa kazi nyingine. Ila nao wakaweka fomu. Kuna fomu ya 470 ya kutangaza mahitaji, unangoja siku 28 kampuni zilete bei, halafu unakuja kwenye fomu ya 471 ya kuomba fedha zenyewe. Shule nyingi zinalipa washauri wa kuwajazia. Yaani fedha ya kusaidia mtoto inamlipa mtu wa kuandika maombi. Na mwaka 2014 walipoupanga upya waliamua kuacha kugharamia uhifadhi wa tovuti ili fedha iende kwenye intaneti yenyewe.

Hapo nakubaliana nao, ingawa inaniuma, maana nilitaka sana shule ile iwe na tovuti. Kila yanapotoka majina ya waliochaguliwa, wazazi wanajaa hapa wakitaka kuchapishiwa maelekezo ya kujiunga, wengine wametoka Mpwapwa na hawajui shule iko upande gani wala wampigie nani. Ukurasa mmoja wenye namba ya simu ya shule na orodha ya mahitaji ungewaokolea nauli. Kikoa cha .sc.tz kipo kwa ajili ya shule za msingi na sekondari, na hakuna sababu ya kila mkuu wa shule kutafuta kampuni yake, ankara yake na fundi wake. Sehemu moja ihifadhi kurasa za shule zote za kata, kila namba ya usajili ipate ukurasa na barua pepe. Intaneti ndiyo ipewe uzito wa fedha.

Wapo watakaosema bila maombi watu wataiba. Ni kweli, Marekani kampuni zimefikishwa mahakamani kwa kupanga zabuni za mpango huo, na hapa kwetu wajanja hawakosekani. Lakini wale walijaza fomu zote. Wizi unazuiwa kwa kukagua huduma kama imefika, na hilo afisa elimu kata anaweza kulifanya kwa kusimama uani mwa shule na simu yake.

Wapo pia watakaosema miundombinu haijafika. Mkongo wa Taifa, ile nyaya kuu ya mawasiliano, unapita Dodoma, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, kazi yake ni kufikisha mawasiliano pale ambapo biashara haiendi yenyewe. Mfuko umejenga minara vijijini na kugawa kompyuta shuleni, na nawashukuru. Kompyuta hizo zinahitaji mtandao wa kila mwezi, mwezi wa kumi na tatu kama wa kwanza.

Nawaomba wanaopanga mambo haya, na wengi mko jirani, dakika chache kutoka hapa nilipo: msianze na fomu. Anzeni na orodha ya shule mliyonayo mezani. Mkiona lazima iwepo fomu, basi aijaze afisa wa halmashauri mwenye mtandao ofisini kwa niaba ya shule zake zote, kwa siku moja, kutoka kwenye takwimu alizonazo.

Mwalimu aliniachia bahasha, barua ya bodi ikiwa bado na muhuri wake wa bluu, kwamba wakifungua tena dirisha nimpigie. Sikumtoza kitu, naye akasisitiza mpaka akaacha elfu mbili juu ya mashine ya kopi. Kabla hajaondoka alisimama barazani, akapiga namba za kifurushi, akanunua bando la elfu moja. Usiku ule alikuwa na alama za kidato cha pili za kuingiza kwenye mfumo, na zamu ya mbuyuni ilikuwa yake.