Kete moja kila zamu

Riwaya yangu ilikwama kwenye sura ya tatu kwa takriban miaka miwili. Muda nilikuwa nao, hasa zile jioni za Juni na Julai ambapo baridi ya Mbeya huwaingiza watu ndani mapema na kila mtu akavuta kiti karibu na jiko. Ilikwama kwa sababu nilikuwa nangoja hamu ya kuandika inijie kwanza ndipo nishike kalamu, na hamu haikuja. Leo naamini kwamba nilikuwa nimeugeuza mpangilio: hamu ya kubuni huja baada ya kazi kuanza, na huja upesi zaidi pale ambapo kuna mtu anayesubiri kusikia kitakachofuata.

Jambo hilo nilifundishwa na mchezo wa mezani. Rafiki yangu mmoja alituletea mchezo wa kusimulia, wa aina iliyopata umaarufu baada ya Gary Gygax na Dave Arneson kutoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji hushika mhusika wake, mmoja wao huwa msimulizi anayeeleza mahali na kuwasemea watu wengine wote wa hadithi, na panapotokea jambo lenye mashaka hurushwa dadu, ikiwemo ile ya pande 20, ili ijulikane kama mhusika amefaulu au ameshindwa. Mtu aliyelelewa na bibi mwenye hadithi hawezi kuuona mchezo huu kuwa mgeni sana. Bibi akisema "Hadithi, hadithi!" hangeendelea mpaka tumwitikie "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," na usiku ambao tulisinzia bila kuitikia, hadithi iliishia hapo hapo.

Tulikuwa watu watano, tukikutana Jumamosi jioni sebuleni kwa mwenzetu mmoja, mtaa wa Sokomatola hapa Mbeya, na mimi ndiye niliyekuwa msimulizi. Mara ya kwanza niliwapeleka kwenye ngome ya mawe iliyofunikwa na theluji, mahali nilipopajua kwa kusoma tu, na wachezaji hawakuniuliza swali hata moja. Juma lililofuata niliwapeleka Ziwa Ngosi. Niliwaeleza njia inayopanda ndani ya msitu, matope yanayoteleza hata wakati wa kiangazi, kisha ule ukingo ambapo miti hukoma ghafla na ziwa likaonekana chini kabisa, ndani ya shimo la volkano, limetulia. Dada mmoja ambaye mhusika wake alikuwa mganga aliweka kikombe cha chai mezani akauliza, "Maji yananukaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewahi kufika pale mara mbili, lakini hakuna aliyewahi kunidai harufu. Nikafumba macho, nikatafuta, nikamwambia kwamba yananuka kama chungu kilichochemshiwa majani kikasahaulika mekoni. Akaandika maneno hayo kwenye karatasi yake, akasema, "Basi huku chini kuna mtu anaishi. Namtafuta." Mimi sikuwa nimemweka mtu yeyote kule chini. Usiku ule, baada ya wenzangu kuondoka, niliandika kurasa nne juu ya mwanamke anayeishi chini ya ukingo wa Ngosi, na mwanamke huyo ndiye aliyeifungua sura ya nne ya riwaya yangu.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama wazee wanaocheza bao kwa jicho jingine. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lakini kete zote hazishuki mwanzoni. Kila mchezaji hubaki na kete 22 mkononi, na katika hatua ya namua huingiza moja tu kila zamu. Kete hiyo moja yaweza kuzisukuma nyingine nyingi zilizokuwa zimelala mashimoni, na ukiweza kula ni lazima ule, hata kama moyoni ulikuwa umepanga jambo lingine. Nimeichukua kanuni hiyo kama ilivyo. Kila ninapokaa kuandika naingiza kitu kimoja kipya nilichokiona kwa macho yangu, na swali zuri likitoka kwa mchezaji au kwa msomaji ninalazimika kulila, hata likiuharibu mpango wangu.

Vitu vya kuingiza havijapungua katika nyanda hizi. Isimila, karibu na mji wa Iringa, kuna zana za Zama za Mawe na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Hata hivyo, kinachonishika kuliko vyote ni Kimondo cha Mbozi, ambacho siku hizi kimo katika Mkoa wa Songwe: pande la chuma lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Hakuna simulizi la mapokeo linalojulikana kuhusu siku kilipoanguka, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuaminiwa kwamba kilianguka zamani sana. Kama kulikuwa na watu walioiona siku hiyo, walikimbilia wapi, nao walikiitaje? Kwa mwandishi, pengo kama hilo lina thamani kuliko ngome kumi za theluji.

Kuna mahali ambapo dadu zangu hazifiki. Kalenga, karibu na Iringa, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na vita vya Wahehe dhidi ya Wajerumani vina wajukuu na vitukuu walio hai. Sioni haki ya kurusha dadu ili kuamua nani afe Lugalo, walikopigana mwaka 1891. Nikiandika juu ya miaka ile, nambuni mpagazi au mama aliyeficha mahindi yake, nikaiacha historia isimame ilivyosimama.

Wanaosema kwamba mtu mzima anapoteza muda mezani nimewasikia, na siwajibu sana, kwa sababu riwaya yangu sasa ina sura tisa na kila sura ina swali la mtu ninayeweza kumtaja. Jumamosi iliyopita mganga wetu alifika Mbozi, akapitisha kidole kwenye alama ya msumeno iliyo kwenye kimondo, akataka kujua ni nani aliyekata kipande na amekipeleka wapi. Dadu ilisimama kwenye 17, kwa hiyo anastahili jibu. Zimebaki siku tatu. Jana usiku nimeandika ukurasa wa kwanza, na aliyeshika msumeno bado hajageuza uso wake.