Anza na Kitanda, Paa Lingoje

Picha nyingi za vibanda vya porini ni picha za paa. Fito zimepangwa, majani yamelala vizuri, mjenzi kasimama kando anajivunia. Kitanda hakionekani, na mara nyingi hakipo kabisa.

Usiku wangu wa kwanza katika kibanda nilichojijengea, mvua ilinyesha nisipate hata tone. Paa lilikuwa zuri. Lakini kabla hakujapambazuka nilikuwa natetemeka, ubavu wa chini umekufa ganzi. Ardhi baridi hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa iliyotulia, nami nilikuwa nimetandika majani ya unene wa kiganja. Majani yakilaliwa hubonyea yakawa kama mkeka. Siku hizi nayarundika hadi magotini, najilaza juu niyashindilie, kisha naongeza mengine. Yawe makavu, maana yaliyolowa hupitisha baridi.

Halafu kuna tamaa ya nafasi. Bila moto, kinachopasha kibanda joto ni mwili wako tu, na mwili mmoja hauwezi kupasha ukumbi. Tafuta mti mmoja ulionyooka, mrefu kukuzidi. Ncha moja iegemee kwenye panda imara ya kimo cha kiuno, nyingine iguse chini. Pande zote mbili egemeza fito, zisilale sana, ili maji yateremke. Juu yake tupia vijiti vya kuzuia majani yasipenye, kisha mwaga majani makavu mpaka ukiingiza mkono uzame hadi begani. Hapo ndipo wengi huchoka na kusema yanatosha. Hayatoshi. Malizia na matawi machache, upepo usiyapeperushe.

Sioni haja ya kukata mti mbichi; vilivyoanguka vinatosha. Ila kabla ya kuokota chochote, tazama juu kama kuna tawi lililokufa, na chini kama kuna siafu au mkondo uliokauka, kwa sababu mvua ya mbali inaweza kuujaza usiku. Moto ndani, hapana. Umejenga kwa majani makavu, umelala juu ya majani makavu.

Ingia kwa kutanguliza miguu, kisha vuta lundo la majani ulilobakiza mlangoni likuzibie. Utasikia wadudu wakitambaa karibu na sikio. Hilo bado sijalipatia dawa.